Paa Haliezekwi kwa Ahadi: Kuchanga kwa Simu kwa Ajili ya Wasio na Makao

Mvua ya alasiri ya Kisii haibishi hodi. Ukiwa Daraja Mbili mwendo wa saa tisa, utaona akina mama wa ndizi wakivuta karatasi za nailoni juu ya bidhaa zao, watu wa bodaboda wakijibana chini ya vibaraza vya maduka, na wanafunzi wakikimbia na mikoba kichwani. Baada ya saa moja kila mtu anarudi kwake. Somo letu la leo ni kuhusu wale ambao mvua ikiisha hawana pa kurudi, na kuhusu pesa ambazo wewe, kanisa lako au chama chako mnachanga kwa simu ili wapate paa.

Wateja wetu wa Kisii na Nyamira ni watu wa kuchanga. Mtu akifiwa, mtoto akikosa karo, nyumba ikiungua, kundi la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyo hiyo na namba inatumwa. Shida huja baadaye. Wiki ya kwanza pesa zinaingia kwa fujo, wiki ya tatu zinadondoka, mwezi wa pili hakuna anayeuliza. Nguzo zimesimama, mabati hayajafika, na mama mzee bado analala jikoni kwa jirani.

Ukimaliza kusoma hapa utajua mambo matatu: jinsi kikundi kinavyoweza kupokea michango bila pesa kulala kwenye laini ya mtu mmoja, jinsi ya kupiga hesabu ya mchango mdogo unaoendelea, na maswali ya kuuliza kabla hujaweka PIN yako.

Asiye na makao ni nani huku kwetu?

Wengi wakisikia "asiye na makao" wanawaza chokoraa wa mjini. Hao wapo. Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya. Lakini Kisii na Nyamira, kukosa makao kuna sura nyingine ambazo hazionekani kutoka barabarani.

Ya kwanza ni ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na kaunti zote mbili ni ndogo kwa eneo. Shamba alilogawiwa babu likakatwa kwa wana, wana wakawakatia wajukuu, na sasa kuna boma ambapo kila mmoja ana kipande cha kupanda mistari michache tu ya mahindi. Mjane asiye na mtetezi, au binti aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika, ndiye wa kwanza kuambiwa hakuna nafasi.

Ya pili ni fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Familia nyingi za Wakisii zilizokuwa Bonde la Ufa zilifukuzwa zikarudi kwa jamaa zao Kisii na Nyamira. Serikali ilitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa waliobomolewa nyumba. Waliofikia kwa jamaa badala ya kukaa kambini walikuwa wagumu kuhesabika, na wapo ambao hadi leo wanaishi kwenye nyumba ya kuazimwa.

Ya tatu ni ngumu kuitaja lakini lazima itajwe: wazee wanaosingiziwa uchawi. Oktoba 2021 akina mama wanne waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za namna hiyo. Mzee anayeponea mkasa kama huo mara nyingi hupoteza nyumba, kwa kuchomewa au kwa kuogopa kurudi.

Kwa hiyo kikundi kinapoamua kusaidia wasio na makao, kwanza kijue kinamsaidia nani. Mtoto wa mtaani, mjane asiye na ardhi na mzee aliyechomewa nyumba hawahitaji kitu kimoja.

Tulikotoka: egesangio, harambee, kisha simu

Kushirikiana si jambo jipya huku. Wakisii walikuwa na egesangio, kikundi cha majirani waliolimiana kwa zamu: leo shamba langu, kesho lako. Siri yake ilikuwa zamu. Kila mtu alijua siku yake, na aliyekwepa alionekana, kwa sababu jembe lake halikuwepo.

Baada ya uhuru, Kenya nzima ikachukua harambee. Shule nyingi, zahanati na makanisa ya vijijini yalijengwa hivyo. Nguvu ya harambee ni siku moja kubwa: mgeni wa heshima, hema, na majina yanasomwa kwa sauti.

Mwaka 2007 pesa zikaanza kutumwa kwa simu nchini, na miaka minne baadaye tukaona uwezo wake. Ukame wa 2011 ulipoleta njaa kaskazini mwa nchi, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipanga kukusanya shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Lengo hilo lilivukwa, na watu wengi wa kawaida walituma kidogo kidogo kwa simu. Walituma kwa sababu tatu zilizo wazi: namba ilikuwa moja na inajulikana, waliosimamia walikuwa taasisi kadhaa zinazoangaliana, likiwemo shirika la Msalaba Mwekundu, na jumla ilitangazwa mara kwa mara.

Hizo sababu tatu zinaweza kufanya kazi hata kwa kikundi cha watu 15 huko Ekerenyo.

Kwa nini michango hukatika

Sababu ya kwanza ni ahadi. Siku ya harambee mtu anainuka anasema "elfu tano", watu wanapiga makofi, na elfu tano haiji. Kikundi kinamwita fundi kwa hesabu ya ahadi, halafu fundi anaondoka katikati.

Sababu ya pili ni laini ya mtu mmoja. Mweka hazina ni mwaminifu, kila mtu anamjua, kwa hiyo michango inatumwa kwenye namba yake. Lakini kwenye simu hiyo hiyo kuna pesa zake za mboga, za karo na za mkopo. Baada ya mwezi hata yeye hawezi kuzitenganisha. Akikopa kwa simu, mkopo unaweza kukatwa kutoka kwa mchango wa nyumba ya mjane. Na Mungu apishe mbali, akifariki, pesa zote zilizo kwenye laini hiyo zinaweza kuchukuliwa kuwa mali yake, na familia italazimika kufuata taratibu za urithi kabla hazijatoka. Kikundi kitabaki na daftari tu.

Sababu ya tatu ni kimya. Watu hawakatai kuchanga kwa sababu hawana pesa. Wengi huacha kwa sababu walituma mara mbili na hawakuambiwa chochote. Kimya kikikaa, uvumi unaingia, na uvumi ukishaingia hata mweka hazina msafi hawezi kuufuta.

Hatua ya 1: Sajili kikundi, kisha fungua namba ya kikundi

Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinahitaji angalau wanachama kumi. Nendeni kwa afisa wa Maendeleo ya Jamii kwenye kaunti ndogo yenu mkiwa na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano mlipochagua viongozi, na nakala za vitambulisho. Mkitaka kuomba michango kwa umma, yaani nje ya wanachama na kanisa lenu, ulizeni kwanza ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kuhusu Sheria ya Michango ya Umma, sura ya 106 ya sheria za Kenya, kwa sababu kuna leseni inayohusika.

Mkipata cheti, fungueni namba ya kulipia kwa jina la kikundi. Zingatieni haya manne:

*Jina.* Anayetuma aone jina la kikundi kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Akiona jina la mtu binafsi, ana haki ya kusita.

*Mwenye kuanzisha na mwenye kuidhinisha.* Ombeni mpangilio ambao mtu mmoja anaanzisha malipo na mwingine anaidhinisha. Hawa wawili wasiwe mume na mke, wala ndugu, wala watu wanaoshikiana simu. PIN ni ya mtu mmoja. Mwenyekiti akisema "nipe PIN yako nikusaidie", jibu ni hapana, hata kama ni mchungaji.

*Sehemu ya akaunti.* Namba ya kulipia yenye sehemu ya akaunti inawaruhusu watu waandike mchango wao ni wa nini. Chagueni maneno mafupi: NYUMBA, CHAKULA, MATIBABU. Mwisho wa mwezi taarifa itawaonyesha kila fungu bila mtu kukisia.

*Ada.* Kuna mpangilio ambapo anayetuma analipa ada, mwingine ambapo kikundi kinalipa, na mwingine wa kugawana. Ulizeni kabla ya kusaini. Kama wachangaji wenu wanatuma kiasi kidogo, ada ikiwaangukia wao wataanza kusita. Ikiliangukia fungu la kikundi, ihesabiwe kwenye bajeti, isije ikaonekana kama pesa zimepotea.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kumwita mgeni wa heshima

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu. Bei za duka lenu zinaweza kuwa tofauti. Kikundi kati ya Keroka na Nyamira kinataka kumjengea mama mzee nyumba ya vyumba viwili, kuta za udongo, sakafu ya saruji na paa la mabati.

- Mabati 24 kwa shilingi 900: 21,600
- Mbao na nguzo: 30,000
- Misumari na vifaa vidogo: 6,000
- Mlango na madirisha: 14,000
- Saruji mifuko 12 kwa shilingi 800: 9,600
- Mchanga: 10,000
- Fundi: 22,000
- Usafiri: 6,800

Jumla: shilingi 120,000.

Wakifanya harambee, tuseme ahadi zinafika 150,000. Watu wanafurahi, wanasema nyumba imekwisha. Lakini baada ya wiki mbili zilizoingia ni 64,000. Hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Zimebaki 56,000.

Sasa chukua watu 80 waliokubali kutoa shilingi 50 kwa wiki. Kwa karatasi hiyo ni 4,000 kila wiki. Tusijidanganye: robo yao watasahau au watakosa. Wabaki 60, ni 3,000 kwa wiki. Zile 56,000 zinahitaji wiki 19. Wala hakuna aliyeuza ng'ombe.

Ongeza washirika. Vijana wa kanisa ambao ni mafundi wanajitolea kazi, hiyo ni 22,000 imeondoka. Mwenye lori la kubeba mawe anapeleka vifaa bure, 6,800 nyingine imeondoka. Zimebaki 27,200, yaani wiki 10.

Na mchango wa kila wiki una faida nyingine ambayo harambee haina: nyumba ikiisha, haukomi. Mama akishahamia atahitaji godoro, unga na matibabu. Mchango wa chini wa bima ya SHA kwa asiye na ajira rasmi ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa kikundi cha watu 60 ni shilingi 60 kila mmoja kwa mwaka mzima. Kama ametimiza miaka 70, msaidieni kuulizia mpango wa serikali wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 kwa mwezi, ili mchango wenu usibebe kila kitu.

Ushauri wetu: harambee iwe ya kuanzia, mchango mdogo wa kila wiki ndio wa kumalizia na kutunza. Na kamwe msiagize kitu kwa ahadi. Agizeni kwa pesa zilizoonekana kwenye taarifa.

Hatua ya 3: Kila mshirika alete alicho nacho, kwa wakati alio nacho

Ushirikiano hufa pale kila mshirika anapoombwa kitu kimoja, yaani pesa. Angalieni nani ana nini.

*Wakulima wa majani chai.* Huku kuna viwanda vya chai kama Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Ogembo na Kiamokama. Mkulima anayepeleka majani hulipwa kila mwezi, na bonasi huja mara moja kwa mwaka. Kumwomba mkulima Agosti ni kumwaibisha. Mwombe wiki ya bonasi, na mumweleze mapema kitu kimoja: "Mwaka huu tunaomba bati moja kwa kila mkulima."

*Makanisa.* Akina mama wa Dorkasi katika makanisa ya Waadventista, na jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, wanajua ni nani analala wapi kuliko ofisi yoyote. Waombeni macho na miguu: wamtembelee mama kila wiki na walete habari. Sadaka ni ya kanisa. Kama kanisa linataka kutoa sehemu, itumwe kwenye namba ya kikundi ionekane kwenye taarifa.

*Wafanyabiashara.* Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kuwapa bei ya jumla au kuwawekea vifaa mpaka pesa zitimie. Mlipeni kwa namba yake ya biashara moja kwa moja kutoka kwenye namba ya kikundi. Msitoe pesa taslimu kwa wakala ndipo mkalipe, kwa sababu hapo ndipo risiti hupotea.

*Bodaboda na matatu.* Wana chama, wana mwenyekiti, na wanafika kila kijiji. Kubeba misumari na mlango kutoka mjini hadi kijijini ni mchango kamili, uandikwe kwenye ripoti kama mchango.

*Watoto wetu walio nje.* Kuna Wakisii wengi Minnesota na sehemu nyingine za Marekani. Pesa zilizotumwa Kenya na walio ng'ambo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Lakini programu nyingi za kutuma kutoka nje hupeleka pesa kwenye laini ya mtu, na hapo tunarudi kwenye shida ya mwanzo. Fungueni akaunti ya benki ya kikundi iliyounganishwa na namba ya kulipia, mumpe aliye nje hiyo. Kama hakuna njia isipokuwa laini ya mtu, pesa zihamishwe siku hiyo hiyo na picha ya ujumbe iwekwe kwenye kundi.

*Serikali.* Chifu, naibu wake na mzee wa kijiji hawahitajiki kwa ajili ya hotuba tu. Wanahitajika kwa jambo linalofuata.

Hatua ya 4: Ardhi kwanza, msingi baadaye

Hili si la simu, lakini limeshapoteza pesa nyingi za simu. Kikundi kinajenga nyumba nzuri, wanapiga picha, wanaenda. Baada ya miezi shemeji anamwambia mjane, "Hii ardhi ni yetu, asante kwa nyumba."

Kabla fundi hajachimba, kaeni na familia mbele ya mzee wa kijiji na naibu wa chifu. Iandikwe: nyumba ni ya nani, imesimama kwenye kipande kipi, na atakaa humo mpaka lini. Wanafamilia watie sahihi. Kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe, hata ule unaotokana na mila. Wakumbusheni kwa upole. Kama familia inakataa kusaini, usijenge hapo. Afadhali kikundi kilipe kodi ya chumba mjini kwa miezi sita huku mazungumzo yakiendelea.

Kama mtu alifukuzwa kwa tuhuma za uchawi, msimrudishe kwa sababu tu nyumba imekwisha. Rudini kwa chifu na polisi kwanza, muulize usalama wake.

Hatua ya 5: Ripoti moja kila mwezi, hata kama haikuingia shilingi

Chagueni siku moja, kwa mfano tarehe 5. Ripoti iwe fupi, itoshe kwenye skrini moja ya simu:

*Zilizokuwepo mwanzo wa mwezi. Zilizoingia, kwa kila fungu. Zilizotoka, kwa kila mtu aliyelipwa. Zilizobaki. Vitu na kazi tulizopewa bure. Kinachofuata.*

Ambatisheni taarifa ya namba ya kikundi kutoka kwa kampuni ya malipo, lakini ficheni namba za simu za wachangaji. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda hata hao. Na mtu asiyehusika na malipo, kwa mfano mwalimu mstaafu, alinganishe ripoti na taarifa kabla haijatumwa.

Mwezi ambao hakuna kilichoingia, tumeni ripoti ya sufuri. Ripoti ya sufuri inamwambia mchangaji kwamba mpo macho. Mara nyingi hiyo ndiyo inayomkumbusha kutuma.

Tukikosea je? Mtu akituma pesa kwenye namba isiyo sahihi, aombe kurudishiwa mara moja kupitia njia ya kampuni yake ya malipo, kabla aliyepokea hajazitumia. Kikundi kikimlipa mtu kimakosa, andikeni kosa hilo kwenye ripoti. Watu husamehe kosa lililotangazwa haraka kuliko lile waliloligundua wenyewe.

Ukiwa wewe ndiye unayetuma

Matapeli wanajua kwamba Mkisii hawezi kupita mama mzee kwenye mvua. Wanachukua picha ya kweli, wanabadilisha namba, wanasambaza. Kabla ya PIN, jiulize haya:

1. Jina linalotokea kwenye skrini ni la kikundi au la mtu?
2. Namba hii nimeipata kutoka kwa kikundi chenyewe, au nimefowadiwa? Kama umefowadiwa, mpigie mtu wa huko unayemjua.
3. Wamesajiliwa wapi? Kikundi cha kijiji kina cheti cha Maendeleo ya Jamii. Shirika kubwa la msaada liko chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024 na kuchukua nafasi ya sheria ya zamani ya NGO.
4. Ripoti ya mwezi uliopita iko wapi?
5. Kwa nini ni haraka hivi? "Tuma sasa hivi, atakufa usiku huu" ni sentensi ya kweli mara chache na ya tapeli mara nyingi.

Kama ni makao ya watoto, uliza zaidi. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Mtu anayekuomba mchango wa kufungua makao mapya leo ana maswali ya kujibu. Pesa zako zinaweza kufanya zaidi zikilipia sare na chakula ili shangazi aweze kumpokea mtoto. Ukimwona mtoto aliye hatarini, piga 116, ni bure.

Heshima ya anayesaidiwa

Mama yule mzee si bango la kuombea pesa. Muulize kabla ya kumpiga picha, na akikataa, pigeni picha ya mabati. Msiandike jina la kijiji cha mtu aliyetishiwa. Msiweke uso wa mtoto. Na mpeni nafasi kwenye mkutano: yeye ndiye anayejua kama anataka mlango uelekee barabarani au migombani.

Jipime

Chukua simu yako sasa, fungua kundi la mchango ulilomo, na ujibu kwa ndiyo au hapana:

- Pesa zinaingia kwenye namba yenye jina la kikundi?
- Kuna watu wawili tofauti, mmoja wa kuanzisha na mwingine wa kuidhinisha?
- Umeona ripoti ndani ya siku 40 zilizopita?
- Kuna karatasi ya ardhi iliyosainiwa?
- Kuna mchango mdogo wa kila wiki au kila mwezi, mbali na siku ya harambee?

Ukipata "hapana" mbili au zaidi, usijitoe kwenye kundi kwa hasira. Peleka somo hili kwa mweka hazina na mkae pamoja. Kwa kawaida yeye ndiye atakayeshukuru zaidi, maana mzigo wote umekuwa mfukoni mwake.

Egesangio ilidumu kwa sababu kila mtu aliona jembe la mwenzake likipanda na kushuka. Leo majembe yetu yako kwenye simu na hayaonekani, kwa hiyo ripoti ndiyo inayoyaonyesha. Chanzeni na kidogo, kiandikeni, kitangazeni, na msiache. Mvua ijayo ya saa tisa, mama naye awe na kwake pa kukimbilia.